Sungura Mzee na Vidonge vya Mama

Ndugu msomaji, Jumapili ya leo naomba tuzungumze juu ya sungura mmoja mzee aliyekuwa akiumwa viungo, na juu ya dawa aliyopewa kila siku mpaka mwisho wa maisha yake. Najua wapo watakaocheka. Kwetu sisi sungura ni kitoweo, ama ni mradi wa mtoto wa shule anayetafuta fedha ya daftari. Hakuna anayetarajia azeeke, sembuse atibiwe uzee wake. Hata mimi nisingeshika kalamu kwa ajili yake, kama si yeye kufichua jambo lililokuwa limefichwa ndani ya nyumba yetu kwa muda wa miaka miwili.

Mama yangu anaishi nje kidogo ya mji wa Ngara, juu milimani, mahali ambapo asubuhi za masika ukungu huchelewa kuondoka na baridi huingia mpaka mifupani. Mimi kazi imeniweka Biharamulo. Marehemu Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tangu tulipokuwa wadogo alifuga sungura. Alikuwa na daftari lake ambamo aliandika, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, kila uzao, kila kifo na kila sungura aliyeuzwa. Alipofariki dunia mwaka 2016, banda lake lilianza kupungua. Baadhi ya sungura waliuzwa, wengine walichinjwa siku za wageni. Akabaki jike mmoja wa rangi ya kijivu, aliyezaliwa mwaka 2015, ambaye Mama hakukubali auzwe wala achinjwe. Hakutoa sababu. Alisema tu, "Huyu mwacheni." Nasi tukamwacha.

Wajukuu walimwita Kijivu. Asubuhi alifunguliwa akashinda uani akimfuata Mama kutoka jikoni hadi bustanini, na jioni alirudi mwenyewe bandani. Sungura wa kufugwa akitunzwa vema huweza kuishi miaka 8, 10, hata 12. Kwa hiyo Kijivu alipotimiza miaka 8, mwaka 2023, alikuwa tayari ni ajuza.

Masika ya mwaka huo nilikwenda likizo nyumbani. Niliona kwamba Kijivu haruki tena kizingiti cha jiko. Alikisogelea, akakitazama, kisha akageuka. Alikaa amejikunyata, mgongo umepinda, na manyoya ya nyuma yalikuwa machafu. Nilipomwuliza Mama, alinijibu, "Ni uzee tu." Neno hilo "uzee tu" limefunga mashauri mengi katika nyumba zetu. Nami nilinyamaza, kana kwamba uzee ni jibu la swali langu.

Siku ya nne Kijivu hakula kabisa. Hakugusa hata majani ya viazi vitamu ambayo aliyapenda kuliko vyote. Nikamwona Mama akihangaika kuliko ilivyostahili kwa ajili ya mnyama, akienda bandani na kurudi, mpaka mwishowe akakaa juu ya kigoda na kuniambia kwamba kwa siku tatu alikuwa amempa sungura yule robo ya kidonge chake cha miguu, amekisaga na kukichanganya na ndizi.

"Kidonge gani, Mama?"

Akafungua fundo katika pindo la kanga yake na kutoa kipande cha karatasi ya vidonge, nusu yake vimekwisha. Ilikuwa diklofenaki. Alikuwa akinunua dukani kwa miaka miwili, kimoja asubuhi na kimoja jioni, bila kumwambia yeyote miongoni mwetu.

"Nilimhurumia," akasema. "Nilijua anavyosikia, kwa kuwa na mimi nasikia hivyo hivyo."

Bwana Mifugo wa kata alifika kwa pikipiki kabla ya adhuhuri. Alimpapasa Kijivu tumboni, akatega sikio, akasema tumbo limesimama. Kisha akampigia simu daktari wa mifugo aliyeko Biharamulo, kijana aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kutoka kwa watu hao wawili nilijifunza mambo ambayo sikuwa nayajua, ingawa nilikulia kando ya banda la sungura.

Jambo la kwanza ni hili. Matumbo ya sungura yameumbwa yafanye kazi mchana na usiku. Majani anayokula huchachushwa katika mfuko mkubwa wa utumbo wake na vijidudu vilivyomo humo. Sungura akiacha kula, kazi hiyo husimama, gesi hujaa, na kwa kuwa hawezi kutapika, huweza kufa katika muda wa siku moja au mbili tu. Na kinachomfanya aache kula aghalabu ni maumivu yenyewe. Akiumwa hali, asipokula tumbo husimama, tumbo likisimama maumivu huzidi. Kwa mnyama huyu, basi, kutulizwa maumivu si anasa. Ni sharti la kuishi.

Je, Kijivu aliacha kula kwa sababu ya viungo, ama kwa sababu ya kile kidonge? Daktari alisema kwamba hawezi kuapa. Lakini robo ya kidonge kilichotengenezwa kwa mtu mzima, ndani ya mnyama wa kilo mbili, ilitosha kabisa kumchubua tumbo na kumwelemea figo. Aliamuru vidonge visitishwe papo hapo. Tulisaga majani makavu, tukayakoroga kwa maji vuguvugu, tukamlisha kidogo kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mchana na usiku, huku chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa imelazwa ubavuni mwake. Siku ya tatu alitoa vinyesi vitano vidogo. Tulivishangilia kama watu walioona mvua ya kwanza.

Jumamosi iliyofuata daktari alikuwa na kazi ya ng'ombe upande wa Ngara, akapita kwetu. Alimtazama Kijivu kinywani, kwa maana meno ya sungura hukua maisha yake yote, na yakiota vibaya humwumiza hata akadhaniwa anaumwa kwingine. Meno yalikuwa salama. Alipokunja miguu ya nyuma na kupapasa mgongo, ndipo alipopata ugonjwa: baridi yabisi, tena ya siku nyingi.

Nikamwuliza ilikuwaje tusione. Akanijibu kwamba sungura ndiye mficha maradhi mkuu kati ya wanyama wa nyumbani. Porini mnyama wa jamii yake akionyesha udhaifu huliwa kwanza. Basi huvumilia kimya. Ajabu ya mambo ni kwamba katika hadithi zetu Sungura ndiye msemaji kuliko wote: humdanganya Fisi, humcheka Simba, hakosi jawabu. Huyu wa bandani, ambaye asili yake ni Hispania, wala si yule wa mapori yetu, hana neno hata moja la kusema anapoumwa. Hapana budi asomwe usoni. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walichapisha kipimo cha kufanya hivyo, chenye mambo matano ya kutazama: macho yaliyofumbwa nusu, mashavu yaliyobonyea, pua iliyochongoka, sharubu zilizokakamaa, na masikio yaliyojikunja na kulazwa nyuma. Ongeza hapo mnyama anayesaga meno kwa nguvu, asiyeruka alipokuwa akiruka, na asiyejisafisha. Nilimtazama Kijivu, nikaona kwamba yote hayo yalikuwa yameandikwa usoni mwake siku zote nne nilizopita nikimsalimia.

Dawa aliyoandikiwa inaitwa meloksikamu, ya maji maji, ya kupewa kinywani. Hapa msomaji makini atauliza: je, hiyo nayo si ya ukoo mmoja na diklofenaki? Naam, ni ya ukoo mmoja. Lakini ndugu wa ukoo mmoja hawana tabia moja. Meloksikamu imetumiwa na madaktari wa wanyama kwa sungura kwa miaka mingi, na kiasi chake kimechunguzwa. Mwili wa sungura huiondoa upesi kuliko mwili wa mbwa, kwa hiyo kipimo cha mbwa hakimfai. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya sungura wenye afya waliopewa dawa hiyo kila siku kwa siku 29, na hawakuonyesha madhara makubwa. Hata hivyo daktari wetu alituonya kwamba siku 29 si mwaka, na sungura kijana mwenye afya si ajuza. Dawa ya siku moja humhitaji daktari mara moja. Dawa ya kila siku huhitaji jicho la kila siku.

Kwa sababu hiyo alitupa masharti, na Mama aliyaandika katika daftari lile lile la Baba. Dawa itolewe saa ile ile kila siku, mnyama akiwa anakula. Maji yasikosekane kamwe, kwa kuwa sungura mwenye kiu na dawa hii tumboni huharibikiwa figo. Apimwe uzito kila wiki kwa mizani. Akipitisha nusu siku bila kula, simu ipigwe bila kungoja kesho. Asiongezewe kidonge kingine chochote kwa kubahatisha, hasa dawa za steroidi, ambazo sungura hazivumilii vema. Wala asipewe kapsuli za amoksilini, zile ambazo watu hununua kwa kila kikohozi: zikimezwa na sungura huua vijidudu vyema vya tumbo lake, naye huweza kufa kwa dawa badala ya ugonjwa.

Tena alitukumbusha kwamba dawa peke yake haitoshi. Sakafu ya mianzi ya banda la Baba tuliifunika kwa gunia na majani makavu, ili nyayo zisichubuke. Mbele ya kizingiti tuliweka tofali liwe ngazi. Kucha zilikatwa. Na kwa kuwa sungura mwenye mgongo mgumu hawezi kujigeuza kujisafisha, wala kufikia vile vinyesi laini ambavyo kwa desturi yake huvila tena, Mama alimfuta sehemu za nyuma kila jioni. La sivyo nzi hutaga hapo, na funza humla mnyama angali hai.

Kila mwezi nilichukua kichupa kwa daktari huko Biharamulo, nikakifunga ndani ya gazeti, naam, hili hili la Jumapili, nikamkabidhi kondakta. Kilipita Lusahunga, kikapita Nyakahura na Benaco, kikapanda milima ya Ngara mpaka mikononi mwa Mama. Baada ya wiki mbili za kwanza alinipigia simu kunieleza jambo moja tu: Kijivu ameruka kizingiti.

Lakini sijasimulia lililotokea siku ile ya uchunguzi. Daktari alipomaliza na sungura, alikishika kile kipande cha karatasi ya vidonge, akauliza kwa upole ni nani humo ndani anayevitumia. Mama akatazama chini. Yule kijana akasema, "Mama, mimi ni daktari wa ng'ombe, sina ruhusa ya kukutibu wewe. Lakini kama ningemkuta mnyama ametumia dawa hii miaka miwili bila kupimwa, nisingelala."

Jumatatu tulikuwa hospitali. Shinikizo la damu la Mama lilikuwa limepanda. Kile kiungulia cha usiku, ambacho siku zote alikisingizia maharage, kilitokana na tumbo lililokwisha kuanza kuchubuka. Daktari wa binadamu alitueleza kwa lugha nyepesi: dawa za ukoo huu huzuia kemikali za mwilini zinazoleta maumivu na uvimbe, lakini baadhi ya kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ngozi ya tumbo na kusaidia damu ifike vema kwenye figo. Ukizizuia kila siku, mwaka hata mwaka, bila mtu wa kukuangalia, unaweza kupata vidonda vya tumbo, figo zikachoka, na shinikizo la damu likapanda. Na hatari hiyo huongezeka kadiri umri unavyoongezeka. Alisimamisha vidonge vile, akampa dawa nyingine kwa kipimo, mazoezi ya magoti, fimbo ya kutembelea, na tarehe ya kurudi.

Njiani nilimwuliza kwa nini hakutuambia. Alitembea hatua kadhaa kabla ya kujibu. "Ningewaambia mngefanya nini, mwanangu? Mna watoto."

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama yangu aliumbuliwa na sungura kabla kifo hakijapata nafasi. Sungura yule aliumwa kimya kwa kuogopa kuliwa. Mama aliumwa kimya kwa kuogopa kutulemea. Aliyeutambua ukimya wa sungura alikuwa Mama, aliyekuwa na ukimya wa namna ile ile. Nasi watoto wake tuliosoma hatukuutambua wa mmoja wala wa mwingine.

Jirani yetu mmoja, mzee mwenye busara, alinikabili siku moja akaniuliza kama ni haki kugharamia dawa ya sungura wakati wapo watu wasio na fedha ya panadoli. Sikumdharau, kwa sababu swali lake ni la haki. Nilimjibu kwamba fedha ni ya Mama, ya maharage yake mwenyewe, na kwamba anayefuga mnyama ana njia mbili za heshima: kumtibu, au kumchinja upesi kwa kisu kikali. Zote mbili ni huruma. Kumwacha aumwe miezi na miezi kwa kuwa halii, hiyo si huruma wala si uchumi. Nchi yetu yenyewe ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, nayo haikumtenga sungura kwa udogo wake. Yule mzee akafikiri kidogo, kisha akanisimulia habari za goti lake la kushoto. Tulizungumza mpaka jua likazama.

Kijivu aliishi kwa dawa hiyo mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kipimo kilipunguzwa wakati wa kiangazi, kikaongezwa baridi iliporudi. Mwezi wa Septemba 2024 uzito wake ulianza kushuka wiki baada ya wiki, na dawa haikumfikisha tena kwenye kizingiti. Daktari alikuja, akatazama daftari, akatazama sungura, akasema wakati umefika. Mama alimpakata mwenyewe alipochomwa ile sindano ya usingizi usio na kuamka.

Tulimzika kwa kina chini ya migomba. Mnyama aliyetumia dawa hafai kuliwa, wala hafai kutupwa porini. Yaliyotokea Asia ni funzo kubwa: tumbusi wa India, Pakistani na Nepali, wale ndege walao mizoga, walikufa kwa mamilioni tangu miaka ya 1990, na mwaka 2004 ilithibitishwa kwamba waliuawa na diklofenaki iliyobaki katika mizoga ya ng'ombe waliotibiwa. Mwaka 2006 nchi hizo tatu zilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo, na ikaonekana kwamba meloksikamu haiwadhuru ndege hao. Hata hivyo daktari alisema shimo liwe refu, nasi tukalichimba refu.

Jioni ile Mama alifungua daftari la Baba na kuandika tarehe katika safu ya vifo, mstari mmoja, kama Baba alivyokuwa akifanya. Kisha akageuza ukurasa, akajaza kipimo chake mwenyewe cha shinikizo la damu cha wiki hiyo. Ukurasa huo unaendelea mpaka leo.

Basi, ndugu msomaji, iwapo una mnyama mzee nyumbani, mtazame anavyonyanyuka, wala usimpe kidonge chako kwa huruma. Mwite Bwana Mifugo. Na iwapo una mzazi mzee, usitosheke na jawabu la "sijambo". Mtazame anavyoinuka kitini, anavyoshuka ngazi, anavyoshika ukuta akidhani humwoni. Kisha mwombe, kwa adabu zote, akufungulie lile fundo la pindo la kanga.